Simama Grande Barrière, Uniambie Kaskazini Iko Wapi

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu. Leo nataka kuwafundisha kupotea.

"Kupotea, Mjomba? Si utufundishe kutopotea?"

Swali zuri hilo! Anayeuliza hivyo akili yake haijalala. Lakini nisikilizeni kwanza. Kila mtembezi hupotea siku moja. Aliyejifunza hupotea kidogo, akarudi mwenyewe. Asiyejifunza hupotea sana, mpaka atafutwe. Mimi nataka muwe wale wa kurudi wenyewe.

Basi twendeni Grande Barrière. Ni kituo cha mpaka, ukingoni kabisa mwa Ziwa Kivu. Upande huu ni Gisenyi, wilaya ya Rubavu, nchini Rwanda. Upande ule ni Goma, nchini Kongo. Wengi wakifika hapo hutazama foleni tu. Sisi leo tutazame pande nne za dunia, maana pale zimepangwa vizuri ajabu.

Simama uielekee Goma. Mbele yako ni magharibi. Mkono wa kushoto ni ziwa, na huko ni kusini. Mgongoni pako ni mji wa Gisenyi, na huko ni mashariki. Sasa geuza uso mkono wa kulia. Unauona ule mlima uliokatika kilele? Huyo ni Nyiragongo, mita 3,470 juu ya bahari. Uko umbali wa kilometa 20 hivi, na uko kaskazini hasa, si kaskazini ya kukisia. Kati ya kaskazini na mashariki yuko Karisimbi, mita 4,507, mrefu kuliko ndugu zake wote wa milima ya Virunga. Kumbe mtoto wa Gisenyi amezaliwa ndani ya dira, na wengi hawajui!

Kwanza jua uliposimama. Mkisahau yote, hilo msilisahau. Kwanza jua uliposimama.

"Lakini Mjomba, simu itaniambia. Ina ramani."

Itakuambia, ndiyo. Itakuambia mpaka chaji iishe. Sasa nikuulize nami. Usiku umeme ukikatika nyumbani kwenu, ukatoka uani gizani, unajikwaa?

"Hapana. Najua jiko liko wapi, pipa la maji liko wapi, mlango uko wapi."

Umejijibu! Hakuna aliyekupa ramani ya ua. Umejua vitu vitatu visivyohama, na kwa vitu hivyo unajua wewe uko wapi. Basi panua ua wako. Nyiragongo ndilo jiko, Karisimbi ndilo pipa la maji, ziwa ndio mlango. Ukipanda Mlima Rubavu, ule ulio juu ya mji, fungua ramani ya karatasi. Pima kwa dira upande ulipo Nyiragongo, uchore mstari kutoka mlima huo kuja kwako. Fanya vivyo hivyo kwa Karisimbi. Mistari miwili ikikatana, hapo ndipo ulipo. Ukiongeza alama ya tatu, umejihakikishia.

"Na kujua pande kuna faida gani, Mjomba, kama nyumbani ni karibu?"

Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, Nyiragongo ulilipuka. Mto wa moto ulishuka kutoka kaskazini kuja kusini, kuelekea Goma, kwa sababu lava hufuata mteremko. Usiku ule maelfu ya watu walitembea kuja mashariki, wakavuka mpaka wakaingia Gisenyi. Wengine walikwenda magharibi, kuelekea Sake. Anayekimbia moto unaotoka kaskazini huenda pembeni, huku au kule. Akienda kusini moja kwa moja, moto u mgongoni na ziwa li mbele. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani kabisa. Basi kujua pande si mchezo wa skauti peke yake.

"Mjomba, na ukungu ukiifunika milima?"

Ah, huyu anafikiri! Milima ya Virunga hupenda kujificha. Siku nyingine unaamka, Nyiragongo hayuko. Basi tumia jua.

Chomeka fimbo iliyonyooka kwenye udongo tambarare. Weka jiwe pale ncha ya kivuli inapoishia. Ngoja dakika 20. Kivuli kimehama. Weka jiwe la pili kwenye ncha mpya. Sasa simama, jiwe la kwanza liwe kushoto kwako na la pili kulia. Jiwe la kwanza ni upande wa magharibi, la pili ni upande wa mashariki, na wewe unatazama kaskazini. Kwa nini? Jua linakwenda magharibi, kwa hiyo kivuli kinasogea mashariki. Basi!

Hapa nina neno la kuwaonya. Ukisoma kitabu kilichoandikwa Ulaya, kitakuambia kwamba saa sita mchana jua liko kusini. Huko kwao ni kweli. Hapa Gisenyi tuko karibu sana na ikweta, kusini yake kidogo tu. Mwezi Juni jua la saa sita liko kaskazini yetu, na kivuli kinalala kusini. Mwezi Desemba mambo hugeuka: jua liko kusini, kivuli kinalala kaskazini. Karibu na katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua la saa sita liko utosini, na kivuli chako kiko chini ya miguu. Kitabu hicho kitakuambia pia utafute usiku Nyota ya Kaskazini. Utaitafuta mpaka shingo iume, maana hapa haichomozi. Kitabu si kiongo. Kimesimama mahali pengine. Nasi tumesema nini?

"Kwanza jua uliposimama!"

Hongereni. Usiku tutazame nyota zetu. Mwezi wa Mei mpaka Juni, mapema usiku, Msalaba wa Kusini unasimama juu ya ziwa, upande wa kusini. Mwezi Desemba, giza likishaingia, tazama mashariki: nyota tatu zimejipanga mstari mmoja. Ile ya kwanza kuchomoza huchomoza mashariki barabara, na huzama magharibi barabara.

"Dira je? Dira haidanganyi."

Hudanganywa! Mshale wa dira hufuata sumaku ya dunia. Lakini mawe meusi tunayojengea nyumba na kuta huku kwetu ni lava iliyopoa, na ndani yake mna madini ya chuma yenye sumaku. Ukiiweka dira juu ya jiwe hilo, mshale unaweza kupinda. Ishike mkononi, mbali na jiwe, mbali na simu, mbali na panga. Kisha pima mara mbili, mahali pawili.

Sasa tumeanza kutembea. Nawaomba jambo moja dogo: kila mkifika njia panda, geukeni nyuma mtazame.

"Nyuma, Mjomba? Si tunakwenda mbele?"

Njia ya kurudi haifanani na njia ya kwenda. Mti uliouona ukiwa na tawi kulia, ukirudi tawi liko kushoto. Kilima kilichokuwa mbele kimejificha. Wengi hupotea wakirudi, kwa sababu wakati wa kwenda hawakugeuka hata mara moja. Geuka, tazama, sema kwa sauti: "Huku ndiko nilikotoka."

Na hapa, wanangu, ndipo matembezi yanapoanza kuwa ya ndani. Kijana wa miaka 14 au 15 yuko njia panda kila siku. Marafiki wanavuta huku, wazazi wanavuta kule, na moyo una lake. Naye hageuki kutazama ametoka wapi. Ndiyo maana katikati ya safari kila mmoja atakaa peke yake, hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake, asikike akiita. Simu kwenye begi. Daftari mkononi. Dakika 20, ule ule muda wa kivuli kuhama.

"Peke yangu nitafanya nini? Nitachoka!"

Utachoka dakika za mwanzo. Kisha utaanza kusikia. Nimekuwekea maswali matatu. La kwanza: nimetoka wapi, na nani amenifikisha hapa? La pili: niko wapi sasa, nini nakiona wazi na nini kimefunikwa na ukungu? La tatu: hatua yangu ya karibu ni ipi? Usiniandikie utakuwa nani ukifika miaka 40. Niandikie hatua ya Jumatatu.

Lakini usikae popote. Huku kwetu kuna mazuku. Ni hewa nzito itokayo ardhini kwenye nchi ya volkano, haina rangi, nayo hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa asubuhi upepo ukiwa umetulia. Kando ya Goma na pwani hii ya kaskazini ya Kivu imeua mifugo, imeua na watu. Hivyo kaa juu, penye upepo, usikae shimoni. Usifuate pia vijia vya porini karibu na mpaka. Mwewe huvuka bila pasi kwa sababu ana mabawa. Wewe pita kituoni, na kitambulisho mkononi.

Sasa tulieni. Ziwa linataka kusema.

"Mimi ni Kivu," lasema ziwa. "Mnaniona nimetulia, mnadhani nimekuwa hivi siku zote. Zamani za kale maji yangu yalikwenda kaskazini, kuelekea Ziwa Edward na mto Nile. Hiyo ndiyo njia niliyoijua. Kisha milima ya moto ikainuka mbele yangu, ikaniziba. Sikuwa na pa kwenda. Nikakaa. Nikajaa. Nikajaa polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikafika mahali pa chini upande wa kusini. Hapo nikamwagika. Leo maji yangu hutoka kwa mto Ruzizi, yakaingia Tanganyika, yakafuata Lukuga mpaka mto Kongo, yakaishia Bahari ya Atlantiki. Nilizibiwa kaskazini, nikatokea kusini."

"Mjomba, ziwa linasema kweli?"

Mdomo halina, mwanangu. Wanasayansi waliochimbua tope la chini yake na kuyasoma mawe ya Virunga ndio wanaolisemea. Lakini sikieni jambo hili. Ziwa lilipozibiwa halikukimbia huku na huku. Nanyi mkipotea fanyeni hivyo hivyo. Simama. Keti. Fikiri: mara ya mwisho nilijua niko wapi? Tazama: ni alama gani naiona? Ndipo upange. Anayepotea akakimbia huongeza kupotea kwa mwendo.

"Na nikigundua kwamba njia niliyoitaka imezibwa kweli? Nikifeli mtihani, kwa mfano?"

Umeuliza swali la mtu mzima. Sitakudanganya kwamba mlima utaondoka. Virunga haikuondoka. Lakini kuzibwa upande mmoja hakukuambii lolote juu ya pande tatu zilizobaki. Hizo ni za kwenda kuzipima. Na kupima kunataka utulie kwanza, ujue uliposimama.

Msidhani nimeyabuni mimi mambo haya ya kukaa peke yako. Loitokitok, nchini Kenya, chini ya Kilimanjaro, shule ya Outward Bound ilifunguliwa mwaka 1952. Katika shule za namna hiyo vijana hupanda milima pamoja, kisha kila mmoja huachwa akae peke yake na mawazo yake. Na Nyeri, hapo hapo Kenya, amezikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941. Jiwe la kaburi lake lina alama ya njiani ya skauti: duara lenye nukta katikati. Maana yake, nimekwenda nyumbani. Mtu aliyefundisha dunia nzima kusoma njia aliaga kwa alama ya njia.

"Mjomba, nikishayajua haya yote sitapotea tena?"

Utapotea. Nilishakwambia! Ila utajua umepotea, na kujua hivyo mapema ni nusu ya kurudi. Aliye hatarini ni yule anayetembea kwa kujiamini upande usio wake.

Basi kazi yenu hii hapa. Jumamosi asubuhi, kila mmoja achomeke fimbo nyumbani kwao, aweke mawe mawili. Wakati kivuli kinatembea, aketi karibu yake na daftari, ajibu maswali matatu. Majibu ya ndani ni yako, sitayasoma. Lakini kaskazini yako nitaikagua. Ukiona haikubaliani na yangu, usinyamaze kwa sababu mimi ni mkubwa. Njoo, lete fimbo, tupime tena wote wawili. Huenda wewe ndiye uliyepata.