Antena nane hazivuki ukuta wa matofali

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Likasi na Lubumbashi, huku Katanga nchini Kongo, ruta inayowekwa mbele kabisa ya meza ni ile yenye antena nyingi. Muuzaji huisimamisha, akazifungua antena zote nane kama mbavu za mwavuli, kisha humwambia mteja, "Papa, hii iko na nguvu, inafika mpaka barabarani." Mteja kutoka Kakanda ametoka mbali, ana dola zake mfukoni, na hataki kurudi nyumbani na kitu dhaifu. Anainunua. Wiki mbili baadaye vijana wamekaa karibu na ruta hiyo, simu zao zinaonyesha Wi-Fi imejaa mistari yote, na video bado inazunguka tu.

Antena zile hazina kosa. Kazi yao ni kusambaza Wi-Fi ndani ya nyumba, kutoka kwenye boksi hadi kwenye simu. Intaneti yenyewe inatoka kwenye mnara ulioko ng'ambo ya mji, na safari hiyo ni nyingine kabisa. Hata kwenye kazi yake ya ndani, ruta hiyo ina mpaka, kwa sababu simu nayo lazima ijibu, na sauti ya simu ni ndogo. Ruta ikipiga kelele hadi barabarani, simu iliyoko barabarani itaisikia lakini haitasikika.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi wa Kakanda lihusu mahali rezo, yaani mawimbi ya mnara, inapoingilia nyumbani, kisha mahali umeme unapoingilia. Fedha nyingi ziende kwenye ncha hizo mbili. Boksi la katikati linaweza kuwa la kawaida tu.

Kupima rezo hakuhitaji fundi. Kwenye simu nyingi za Android, ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za simu, kisha hali ya laini. Utakuta namba yenye alama ya kutoa mbele yake, ikifuatwa na herufi dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa 4G, −85 ni nzuri, −105 ni ya kuhangaika, na ukifika −115 unasubiri bahati. Hesabu hii haiendi kwa kujumlisha: kutoka −110 hadi −100 nguvu inaongezeka mara kumi. Pima sebuleni, pima dirishani, kisha toka nje upime kila upande wa nyumba, kwa laini ya kila kampuni unayoweza kuazima kwa jirani: Vodacom, Airtel, Orange, na Africell kama inafika kwako. Nyumba nyingi za huku ni za matofali ya kuchoma na paa la bati. Bati huyarudisha mawimbi yalikotoka, na tofali lililolowa mvua huyanywa. Si ajabu kukuta tofauti ya namba 10 au 15 kati ya kitanda na ua, na tofauti hiyo hakuna antena ya Wi-Fi inayoweza kuilipa.

Mtu ambaye dirisha lake linaelekea mnara na namba yake ni nzuri, anunue ruta ya 4G ya kawaida, aiweke dirishani, basi. Daraja lile linaloitwa Cat 4, ambalo kwenye karatasi linafika megabiti 150 kwa sekunde, linatosha kabisa. Mnara wenyewe, ukigawanwa na kijiji kizima jioni, haukupi hata nusu ya hapo. Kulipia daraja la juu zaidi ni kumlipa muuzaji.

Mtu ambaye ndani ni −112 na nje ni −95 ana kazi zaidi, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Wananunua antena ya nje, wanaifunga juu ya mti, halafu wanaivuta hadi sebuleni kwa waya mwembamba mweusi wa mita kumi. Waya huo wa antena, katika masafa ya 1800 MHz, hula sehemu kubwa ya kile antena ilichokipata: kwa mita kumi hubaki robo au chini ya hapo. Afadhali kupandisha ruta yenyewe nje. Zipo za namna hiyo, boksi jeupe lisiloingia maji, laini ya simu iko ndani yake, na waya mmoja wa mtandao unashuka hadi ndani ukibeba data huku ukipandisha umeme. Waya huo unaruhusiwa kufika mita 100. Mawimbi yanapokelewa nje, yanageuzwa kuwa data hapo hapo, na hakuna kinachopotea njiani.

Ila waya uwe wa shaba. Hapa lazima nikae kidogo, maana jambo lenyewe linachekesha kwa uchungu. Kakanda ni mji wa shaba na kobalti. Kinu cha kusafishia madini cha Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kilijengwa hapa, na watoto wa hapa wanalijua jiwe la kijani la malakaiti kabla hawajajua kusoma. Halafu baba zao wananunua waya wa mtandao ambao ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwenye boksi mara nyingi huandikwa herufi tatu ndogo, CCA, au hapaandikwi chochote. Aluminiamu hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba. Kwa waya mfupi wa mita mbili hutaona tofauti. Kwa mita 40 zinazopandisha umeme juu ya mlingoti, ruta ya nje itawaka na kuzima yenyewe kila inapoanza kufanya kazi nzito, na utamlaumu mwenye mnara. Waya huo pia hukatika ukikunjwa mara chache. Dawa ni kisu: mwombe muuzaji akuruhusu kukwangua ncha moja. Ikitokea rangi ya fedha chini ya nyekundu, rudisha. Na ushike mkononi, kwani shaba ina uzito zaidi ya mara tatu wa aluminiamu. Mtu aliyewahi kubeba gunia la madini hadanganywi na waya mwepesi.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya kulipa ni masafa. Simu na ruta zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani zilitengenezwa kwa masafa ya kule. Huku Afrika, kama Ulaya, 4G hutumia zaidi masafa ya 800, 1800 na 2600, ambayo kwenye maelezo ya kifaa huandikwa B20, B3 na B7. Ile ya 800 ndiyo inayofika mbali na kupenya kuta, kwa hiyo ndiyo inayotufaa sisi tulio mbali na minara. Kifaa kisicho na B20 kinaweza kufanya kazi vizuri Lubumbashi mjini na kikawa bubu ukikifikisha kijijini. Uliza pia kama kimefungwa kwa kampuni moja. Ruta nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini na kampuni za simu hukubali laini ya kampuni hiyo tu, na huku, ambako mnara ulio bora leo unaweza kuwa mbovu mwezi ujao, kufungwa huko ni gharama. Njia ya kujua ni kwenda dukani na laini mbili na kuzitia zote kabla ya kutoa fedha.

Sasa umeme. Umeme wa Katanga ni wa maji: Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Lakini viwanda vya madini vinanyonya sehemu kubwa, na SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, inakata mitaani. Ukirudi, unarudi kwa kishindo, na volti zinapanda na kushuka. Ruta inakufa zaidi kwa kishindo hicho kuliko kwa uzee.

Hesabu ya ruta ni nyepesi. Ruta ya kawaida ya volti 12 hula wati 8 hivi. Kwa saa 24 ni wati-saa 192. Betri ya gari au ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unazo 600. Ruta inakaa siku tatu bila jua wala SNEL. Hesabu hiyo inaharibika ukipitisha umeme kwenye inveta, kwa sababu inveta yenyewe hula hata kama haifanyi kitu. Toa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, lakini upitishe kwenye kigeuzi kidogo kinachotoa volti 12 kamili, maana betri inapochajiwa na sola hupanda hadi volti 14 na zaidi, na si kila ruta inavumilia.

Vile viboksi vidogo vya betri ya lithiamu vinavyouzwa kwa ajili ya ruta ni vizuri kwa kukatika kwa saa chache, ila usiamini namba kubwa iliyoandikwa juu. "10,000" ile hupimwa kwa volti 3.7 za seli, si kwa volti 12 za ruta. Zidisha: ni wati-saa 37, na baada ya kile kinachopotea njiani hubaki kama 30. Kwa ruta ya wati 8 hazifiki saa nne. Na ndani ya seli nyingi za namna hiyo kuna kobalti, ambayo sehemu kubwa ya ile ya dunia inatoka kwenye ardhi hii. Imezunguka kwenye viwanda vya Asia na kurudi kwetu na bei nyingine.

Starlink, intaneti ya setelaiti, nayo watu wanaiuliza kila siku. Mwaka 2024 serikali iliikataza, na 2025 ARPTC, mamlaka ya mawasiliano, ikatangaza kuipa leseni. Setelaiti zake ziko kilomita 550 hivi juu, wakati zile za zamani, ambazo migodi ilizoea kutumia kwa masahani makubwa, ziko karibu kilomita 36,000. Ndiyo maana kwa hizi za chini mazungumzo ya video hayachelewi. Kwa mtu ambaye hakuna mnara unaomfikia ni jibu zuri sana. Ila sahani la kawaida hula wati 75 hadi 100, na betri ile ya ampea-saa 100 itampa saa sita hadi nane tu. Lile dogo hula kama wati 30. Anayenunua Starlink bila kununua sola amenunua nusu.

Kwa biashara ndogo nina maoni makali kidogo. Mama mwenye kibanda cha M-Pesa, Airtel Money na Orange Money hahitaji ruta. Miamala ile ya kubonyeza nyota na reli hupita kwenye njia ya simu za zamani, 2G, na simu ya vitufe yenye betri ya siku nne inaifanya kwa uhakika kuliko simu ya kioo. Anunue simu mbili za vitufe na taa ya sola. Mwenye ofisi ya fotokopi, kuchapa barua na kutuma maombi ya kazi ni tofauti: yeye anauza muda, na rezo ikikatika mteja anaondoka. Huyo awe na laini za kampuni mbili, na ruta inayoweza kuhama kutoka laini moja hadi nyingine yenyewe. MikroTik, kampuni ya Latvia, hutengeneza ruta ndogo za bei ya wastani zinazofanya hivyo, na zinaweza pia kutoa tiketi za muda kwa wateja wa Wi-Fi, mwenye kulipa saa moja akapata saa moja. Kuzipanga kunahitaji fundi, hilo lisifichwe. Na kompyuta za ofisi zizuiwe kujisasisha zenyewe mchana. Windows moja ikiamua kupakua sasisho inaweza kumaliza kifurushi cha wiki kabla ya saa sita.

Wenye majengo mawili, kama shule na nyumba ya mkurugenzi, au duka na stoo, wasilipe intaneti mara mbili. Redio mbili za kutazamana za masafa ya 5 GHz hupeleka intaneti kilomita kadhaa, mradi zionane. Kuonana hapa ni zaidi ya jicho: kwa umbali wa kilomita moja, kuzunguka mstari ule lazima pawe na uwazi wa mita mbili tatu hivi katikati ya njia. Mwembe uliopogolewa Agosti unaachia nafasi. Januari una majani mabichi yaliyolowa, na njia inazibika.

Msafiri yeye achukue ruta ya mfukoni yenye betri, ile ndogo. Asiiache kwenye chaji usiku na mchana, betri huvimba. Kwenye barabara ya Likasi na Lubumbashi itashika na kuachia, ni kawaida. Hatari yake iko Kasumbalesa: ukikaribia mpaka, kifaa huanza kusikia minara ya Zambia, na kikihamia huko, megabaiti chache zinaweza kula salio lote. Zima data ya nje ya nchi kabla hujafika, si baada ya kuvuka.

Na kwa waliopandisha boksi juu ya mlingoti: msimu wa mvua huku, Novemba hadi Aprili, ni msimu wa radi, na mlingoti wa chuma juu ya nyumba ya bati unaialika. Mlingoti ufungwe waya mnene wa shaba hadi fimbo iliyozikwa ardhini. Hata hivyo, wingu likianza kunguruma, kuchomoa plagi ya ukutani hakutoshi. Chomoa na waya unaotoka juu, uuache ukining'inia mbali na ruta na kompyuta.