Binti anayumba kwa ncha za vidole? Tatizo huenda si mzunguko

WASICHANA wengi wanaojifunza densi ya baleti huingojea kwa hamu siku ya kuvaa vile viatu vyenye ncha ngumu, vinavyomwezesha mchezaji kusimama juu ya vidole vyake. Siku hiyo ikifika, aghalabu huja na masikitiko. Binti aliyezunguka vyema kwa viatu laini sasa anayumba, naye huambiwa azunguke tena na tena hadi azoee. Hapo ndipo kifundo cha mguu huteguka.

Mzazi afahamu kwamba huo si uzembe. Uzito wote wa mtoto umewekwa juu ya sehemu ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Ili asianguke, uzito huo unapaswa kushuka wima kutoka nyonga, kupitia goti na kifundo, hadi vidole viwili vya kwanza. Kifundo kikilalia upande wa nje, kano zinaweza kukatika.

Kwa hivyo nguvu hutangulia. Avue viatu, ashike kiti kidogo tu, asimame kwa mguu mmoja na kuinua kisigino polepole, kisha akishushe polepole vilevile. Baadhi ya wataalamu wa tiba ya viungo hutaka aweze kufanya hivyo mara 20 bila kukunja goti kabla hajaruhusiwa kuvaa viatu hivyo. Kutimiza miaka 11 au 12 pekee hakutoshi.

Mwaka 1895, mjini St Petersburg, Mwitaliano Pierina Legnani alizunguka mara 32 kwa mguu mmoja katika Swan Lake. Watu husifu mizunguko, lakini katika hatua hiyo kisigino hushuka na kupanda kila mara. Ni zoezi lile lile la kiti, ila gumu zaidi!

Katika kuzunguka kwenyewe, kosa la kawaida ni kujirusha kwa mikono. Msukumo hutoka sakafuni, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Mikono ikikusanywa mbele ya kifua, kasi huongezeka yenyewe. Asiyeweza kupanda na kutulia bila kuzunguka, asizunguke kwanza. Akitulia, ajaribu robo, kisha nusu, kisha mzunguko mzima.

Kizunguzungu nacho hutoka sikioni. Ndani yake mna mifereji mitatu yenye majimaji, ambayo huendelea kusogea hata mwili ukisimama, na ubongo hudhani bado tunazunguka. Dawa yake ni macho: mchezaji huchagua kitu kilicho sawa na kimo cha macho yake, hukitazama mwili ukianza kugeuka, kisha hugeuza kichwa haraka na kukiona tena kabla mwili haujafika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na wanasayansi wa Imperial College, London, uligundua kuwa ubongo wa wachezaji wenye uzoefu hupunguza uzito wa habari hizo za sikio. Mwanafunzi mpya hana kinga hiyo, basi apumzike kila baada ya majaribio machache.

Jambo jingine ni viatu. Vya mtumba huvutia mfuko, lakini vimekwisha kuchukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, na vikilegea havimshikilii mtoto. Na iwapo maumivu nyuma ya kifundo hayaishi baada ya siku chache za mapumziko, mpeleke kwa daktari kabla ya somo linalofuata.