Wanaowahoji wafanyabiashara wa Rusizi, fedha zao hutoka wapi?

RUSIZI. Mfanyabiashara mdogo anayevuka kila siku kati ya Kamembe na Bukavu amezoea kuulizwa maswali. Huulizwa na afisa uhamiaji, huulizwa na mtu wa forodha, huulizwa na mteja anayetaka kupunguziwa bei. Kisha kuna muulizaji wa nne, mwenye karatasi au simu mkononi, anayetaka kujua umri wake, mtaji wake, amebeba nini na mara ya mwisho alitoa rushwa lini. Huyo ni mtafiti, au mtu aliyetumwa na mtafiti.

Majibu yakishaandikwa, muulizaji hushukuru na kuondoka. Mara nyingi hiyo ndiyo mara ya mwisho kuonekana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wenyeji wengi wa mpakani hawajui waliponaje.

Swali ambalo wafanyabiashara ni nadra kuliuliza ni hili: nani aliyetoa fedha za kazi hiyo? Jibu lake lina uzito, kwani mwenye fedha ndiye anayeamua nini kichunguzwe, kwa lugha gani, na matokeo yapelekwe wapi. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya ukanda huu wanaoujua mpaka wa Rusizi kwa undani ni wengi, ila fedha za kuuchunguza kwa maswali yao wenyewe ni chache. Namna wanavyozitafuta ni jambo linalogusa soko moja kwa moja.

Utafiti uliozaa biashara

Mfano wa karibu uko ndani ya ndoo. Sambaza, samaki wadogo wanaouzwa Kamembe na Bukavu, hawakuwa wenyeji wa Ziwa Kivu. Walitolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, baada ya wataalamu kuona kwamba ziwa hilo halikuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea katikati ya maji.

Hata walipokwisha kuzaana, hapakuwa na njia nzuri ya kuwavua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mradi wa Umoja wa Mataifa uliosimamiwa na shirika la chakula na kilimo, FAO, ulifanya kazi Gisenyi kupima wingi wa samaki hao na kufundisha uvuvi wa usiku kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja, taa na wavu wa kuinua. Mitumbwi hiyo iliyofungwa mitatu mitatu, inayoonekana jioni ikitoka ufukweni, ni matunda ya fedha za utafiti. Mchuuzi wa sambaza leo anakula kutokana na swali lililoulizwa na kulipiwa zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Utafiti uliofika mpakani

Mfano wa pili unahusu daraja lenyewe. Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilichapisha uchunguzi kuhusu wanawake maskini wanaofanya biashara katika mipaka ya mashariki mwa Kongo. Ulionyesha kwa takwimu kile ambacho wauzaji walikuwa wakikisema miaka yote: wengi wao ni wanawake, hutozwa fedha zisizo na stakabadhi, hutishwa, na wengine hupigwa. Miongoni mwa waandishi wake watano walikuwamo wasomi wa Kongo.

Miaka minne baadaye, mwaka 2015, benki hiyo iliidhinisha mradi wa kurahisisha biashara katika Maziwa Makuu wenye thamani ya dola milioni 79, kwa Kongo, Rwanda na Uganda pamoja na sekretarieti ya COMESA. Malalamiko yaliyokuwa yakiishia sokoni yalikuwa yamepata nambari, na nambari zilipata bajeti.

Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2020, ulifuatilia mafunzo waliyopewa wafanyabiashara wadogo kwenye mpaka wa Kongo na Rwanda kuhusu ushuru, taratibu na haki zao. Waliofunzwa walilipa rushwa kidogo kuliko wenzao, na visa vya ukatili wa kijinsia vikapungua. Lakini watafiti walipochimba sababu, waligundua kwamba wafanyabiashara hao hawakuwa wamepata nguvu ya kubishana na maofisa. Walikuwa wameanza kuvuka alfajiri mapema, kabla ya saa rasmi, ili wasikutane nao. Matokeo kama hayo humwambia mtunga sera kwamba kumfundisha muuzaji pekee hakutoshi, na afisa naye lazima aguswe.

Majina yanayobaki nyuma

Kazi hizo mbili zilitokana na taasisi kubwa ya kimataifa. Tatizo ni pale taasisi za mbali zinapokuwa ndizo pekee zenye uwezo wa kuuliza.

Ng'ambo tu ya mto Rusizi, Bukavu ina vyuo vingi: Chuo Kikuu Katoliki, Chuo Kikuu Rasmi, Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, pamoja na vyuo vya ualimu na vya maendeleo vijijini, ISP na ISDR. Umbali mfupi kaskazini kuna kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 1947. Wasomi hawakosekani. Hata hivyo, kwa miaka mingi wengi wao wameingia katika miradi ya wageni kama wakusanyaji wa data: wao ndio wanaokwenda vijijini, wanaojua nani wa kusalimiwa kwanza, wanaobeba hatari ya barabara, kisha makala inatoka Ulaya bila majina yao.

Kuanzia mwaka 2019, kundi la watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji lililieleza jambo hilo waziwazi katika mfululizo wa maandiko uliojulikana kama Bukavu Series, ambao baadaye ulitolewa kuwa kitabu. Waandishi walisimulia posho zisizotosha hatari, kukosa bima, na kutohusishwa wakati wa kuchambua kile walichokikusanya. Hoja yao kuu ilikuwa ya fedha: asiyeandika maombi ya ruzuku hana sauti katika bajeti, na asiye na sauti katika bajeti huishia kuwa kibarua wa utafiti katika ardhi yake.

Mifuko iliyokaza kamba

Hali imekuwa ngumu zaidi. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lililofadhili miradi mingi ya kilimo na afya, lilifungwa rasmi Julai 2025. Uingereza ilitangaza Februari 2025 kwamba ifikapo 2027 itapunguza misaada yake ya nje hadi asilimia 0.3 ya pato lake la taifa. Rwanda na Ubelgiji, nchi iliyofadhili ushirikiano wa vyuo vikuu katika ukanda huu kwa muda mrefu, zilivunja uhusiano wa kibalozi Machi 2025.

Vita navyo vimefanya yake. Februari 2025 waasi wa AFC/M23 waliingia Bukavu, na benki za mji huo zikafunga milango. Mfanyabiashara anajua maana ya benki kufungwa, na mhadhiri aliyeshinda ruzuku aliipata adha hiyo hiyo: fedha zinaidhinishwa ng'ambo ya bahari, lakini hazina akaunti ya kutua.

Serikali za Afrika nazo ziliahidi kutenga walau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2013 inautengea Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2. Fedha zinazotolewa kila mwaka zimekuwa chini sana ya kiwango hicho.

Milango iliyo wazi

Pamoja na hayo, milango ipo kwa anayejua pa kubisha.

Kwa mhadhiri wa Rwanda, wa kwanza uko Kigali. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, NCST, linasimamia mfuko wa taifa wa utafiti na ubunifu, na ndilo pia linalotoa vibali vya utafiti nchini. Mabaraza ya aina hiyo yako pia katika nchi jirani, kama COSTECH ya Tanzania na UNCST ya Uganda. Tangu mwaka 2015 mengi yao yamo katika mpango wa pamoja wa mabaraza ya sayansi ya Afrika, unaosaidiwa na kituo cha IDRC cha Kanada, na mara kwa mara hutoa miito ya maombi inayotaka watafiti wa nchi mbili au zaidi.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna Baraza la Vyuo Vikuu, IUCEA, lenye makao Kampala. Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia, EASTECO, iliyoko Kigali. Na Kamisheni ya Utafiti wa Afya iliyoko Bujumbura. Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022, wasomi wa Bukavu nao waliingia katika familia hiyo.

Kwa wachumi kuna AERC ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1988, inayofadhili utafiti wa uchumi na kuwakutanisha watafiti chipukizi na wakongwe. Kwa wa kilimo kuna RUFORUM ya Kampala, mtandao wa vyuo vikuu ulioanza mwaka 2004, ambao ruzuku zake humtaka mhadhiri afanye kazi na wanafunzi wa uzamili na wakulima. Kwa wa sayansi za jamii kuna CODESRIA ya Dakar, ya mwaka 1973, inayopokea kazi kwa Kifaransa na Kiingereza. Hilo ni faraja kwa Bukavu inayofundisha kwa Kifaransa, wakati vyuo vya Rwanda vinafundisha kwa Kiingereza.

Mbali zaidi, chuo cha sayansi TWAS kilichoko Trieste, Italia, hutoa ruzuku kwa wanasayansi wa nchi zenye uwezo mdogo wa kisayansi. Umoja wa Ulaya una mpango wa Horizon Europe wa 2021 hadi 2027, wenye bajeti ya takriban euro bilioni 95, ambao vyuo vya nchi za kipato cha chini vinaweza kushiriki na kulipwa, kwa sharti la kuwamo katika kundi la washirika.

Andiko linaloshinda

Kuujua mlango ni nusu ya safari. Maombi mengi huanguka kabla hayajasomwa, kwa sababu mwombaji hakusoma masharti: uraia, kiwango cha elimu, miaka tangu apate uzamivu, barua ya chuo, tarehe ya mwisho. Mengine huanguka kwa bajeti. Mtu anaomba gari na kusahau kwamba data zinahitaji kuchambuliwa, au anasahau kwamba chuo chake kitakata sehemu ya fedha kwa gharama za utawala.

Njia iliyo salama ni kuanza na ruzuku ndogo, kuitolea hesabu safi, kisha kupanda, sawa na mfanyabiashara anayejenga jina kwa muuzaji wa jumla kabla ya kupewa mali kwa mkopo.

Rusizi ina faida ambayo Kigali na Nairobi hazina. Mhadhiri wa Huye akiungana na mwenzake wa Bukavu, na wa tatu wa Bujumbura, tayari wana nchi tatu katika andiko moja. Bugarama, kusini mwa wilaya, ni pembe ambapo nchi hizo tatu zinakaribiana, na maswali yake hayajaisha. Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, mchele na unga vilipita wapi? Nyanya zinazooza vikwazo vinapowekwa ghafla ni hasara ya nani? Muuzaji anayebadilisha faranga za Rwanda kwa za Kongo mara mbili kwa siku hupoteza kiasi gani kwa mwezi? Benki Kuu ya Rwanda hukusanya takwimu za biashara ndogo isiyo rasmi ya mpakani, na huo ni msingi ambao mhadhiri anaweza kuanza nao bila gharama kubwa.

Nafasi ya soko

Wafanyabiashara wanaweza kuusukuma mkokoteni huu. Wafadhili wengi siku hizi hutaka kuona mshirika aliye nje ya chuo, mtu atakayeyatumia matokeo. Ushirika wa wauzaji uliosajiliwa unaweza kuwa mshirika huyo. Barua yake ya kuunga mkono andiko, yenye mhuri na swali ambalo wanachama wanataka lijibiwe, inaweza kuliongezea andiko uzito mbele ya wanaolipima.

Daftari la mauzo lililotunzwa vizuri nalo lina thamani kwa mtafiti, kwa masharti ambayo wenye daftari wana haki ya kuyaweka. Na yeyote anayefika na dodoso anapaswa kujibu maswali machache kabla ya kuuliza yake. Ana kibali? Nani anafadhili kazi hiyo? Jina la muuzaji litafichwa vipi? Muda wa saa nzima aliochukuliwa muuzaji siku ya soko utafidiwa? Matokeo yatarudishwa lini, na kwa lugha gani?

Swali hilo la mwisho lina nguvu ya sheria nyuma yake. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, na ndicho kinachosikika pande zote mbili za daraja. Kurasa mbili za matokeo kwa Kiswahili, zilizosomwa mbele ya wanachama wa ushirika, hugharimu kidogo sana katika bajeti ya utafiti. Ushirika unaoombwa barua ya kuunga mkono andiko unaweza kutaka kipengele hicho kiandikwe kwanza, kabla haujapiga mhuri.