Mkanda wa Taimingi: Zungusha kwa Mkono Kabla ya Kuwasha

Gari la mboga linatoka Rangwi alfajiri. Limejaa kabichi, karoti na viazi. Linapita Lukozi, Magamba na Lushoto, kisha linateremka Soni mpaka Mombo. Kutoka Lushoto hadi Mombo peke yake ni yapata kilometa 33 za kona na mteremko.

Tuseme injini inazima ghafla njiani. Injini ikizima, breki huwa nzito na usukani huwa mgumu. Dereva anafaulu kulisimamisha gari. Anapiga stata. Injini inazunguka upesi kuliko kawaida, lakini haiwaki. Kabichi zinakaa juani. Kumbe mkanda mmoja wa mpira umekatika ndani ya injini.

Mkanda huo ni wa taimingi. Leo tujifunze kazi yake, na jinsi ya kuufunga mpya bila kuharibu injini.

KAZI YA MKANDA

Ndugu msomaji, umeona watu wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Huyu akiinua mchi, yule anashusha. Wakifuata wakati, kazi inakwenda. Mmoja akikosea, michi inagongana.

Ndani ya injini pia ni hivyo. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Juu yake kuna valvu, ambazo ni milango midogo ya chuma. Valvu moja huingiza hewa, nyingine hutoa moshi. Pistoni ikipanda mpaka juu, valvu lazima ziwe zimeipisha.

Pistoni huendesha krenki iliyo chini. Valvu hufunguliwa na kemshafti iliyo juu. Mkanda wenye meno huziunganisha hizi mbili, ili ziende kwa wakati mmoja. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Katika injini za dizeli za Toyota 2L, 3L na 5L, zilizomo katika Hiace na Hilux nyingi, mkanda huohuo huzungusha pia pampu ya dizeli. Kwa hiyo kuna alama tatu za kulinganisha: ya krenki, ya kemshafti na ya pampu.

MKANDA UKIKOSEWA

Jino moja tu likikosewa, injini hukosa nguvu mlimani na huwa ngumu kuwaka. Pampu ikiwahi, injini hugonga kwa kelele. Ikichelewa, hutoa moshi mweupe na haina nguvu. Meno yakikosewa zaidi, pistoni hupiga valvu. Valvu hupinda, na silinda hedi lazima ifunguliwe.

Injini ya dizeli haina msamaha. Hewa yake hubanwa sana, na nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo mno. Noah za zamani zenye injini ya petroli ya 3S nazo zina mkanda, lakini ukikatika, kwa kawaida injini huzima tu bila valvu kupinda. Probox yenye injini ya 1NZ haina mkanda wa taimingi. Ina mnyororo.

KUFUNGA MKANDA MPYA

Hii ni kazi ya fundi. Lakini mwenye gari asimame karibu, aone. Kwa injini za L tulizozitaja, hatua ni hizi:

1. Injini ipoe. Toa funguo, na fungua waya wa hasi wa betri.

2. Zungusha krenki kwa spana, kufuata mwendo wa mishale ya saa ukiitazama injini kutoka mbele. Simama alama zote tatu zinapokaa mahali pake. Zisafishe, kisha zipake rangi nyeupe zionekane.

3. Legeza beringi ya kukaza mkanda. Toa mkanda wa zamani. Tangu hapo, krenki na kemshafti zisizungushwe mpaka mkanda mpya uingie.

4. Zungusha beringi kwa kidole. Ikikwaruza au ikicheza, badili. Angalia kama oili inavuja, kwa sababu oili hula mpira. Ikivuja, badili sili kwanza.

5. Ingiza mkanda mpya kwa mkono. Usiukunje, wala usiusukume kwa bisibisi. Upande usio na beringi ya kukaza uwe umevutika, usilegee hata kidogo.

6. Iachie beringi, springi yake ivute mkanda.

7. Sasa zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili. Kwa nini miwili? Kwa sababu hapo ndipo kemshafti inakamilisha mzunguko mmoja, na alama zote zinarudi mahali pake. Utasikia ugumu wa hewa kubanwa, nao huachia polepole. Lakini ukifika mahali pagumu kabisa, kama chuma kimegonga chuma, simama! Usilazimishe. Rudia hatua zote tangu mwanzo.

8. Tazama alama tena. Zikiwa sawa, kaza nati za beringi, rudisha mfuniko, ndipo uwashe.

Hatua ya saba huchukua dakika chache tu, lakini ndiyo inayookoa injini. Mkono ukikuta kosa, unasimama. Stata haisimami. Injini nyingine zina utaratibu wake, basi fundi asome kitabu cha injini hiyo.

Usione haya kuuliza:

"Fundi, kabla hujapiga stata, naomba unionyeshe alama."

"Karibu mzee, tazama. Hii ya krenki, hii ya kemshafti, na hii ya pampu."

"Umeshaizungusha mara mbili kwa mkono?"

"Bado. Shika tochi, tuizungushe pamoja."

Fundi mzuri hachukii maswali kama haya.

TUMIA KALAMU YAKO

Gari nyingi za dizeli za Toyota zina taa iliyoandikwa T-BELT. Nyingi huiwasha kila baada ya kilometa 100,000. Isome. Lakini tukumbuke kwamba taa hiyo huhesabu kilometa tu. Haiuoni mkanda. Na ukinunua gari lililotumika, huwezi kujua mkanda wake umekwenda kilometa ngapi. Ni afadhali ubadilishe.

Mkanda ukishafungwa, andika katika daftari la gari: tarehe, kilometa zinazoonekana kwenye saa ya gari, na jina la fundi. Kisha piga hesabu. Gari likienda kilometa 200 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni kilometa 5,000. Kwa miezi 20 ni kilometa 100,000. Basi ifikapo mwezi wa 18, anza kuweka akiba ya mkanda mpya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini krenki izungushwe mara mbili, siyo mara moja?

2. Gari la kijijini kwenu mkanda wake ulibadilishwa lini? Imeandikwa wapi?

3. Gari lenu likienda kilometa 4,000 kwa mwezi, litafikisha 100,000 baada ya miezi mingapi?