Waya wa Chumba cha Uani Usiotumika Tena

Nyumba nyingi za Johannesburg, kuanzia Yeoville na Bertrams hadi Rosettenville, zina vyumba vya uani vilivyovutiwa umeme kutoka nyumba kubwa. Chumba kinapohamwa au kubomolewa, waya wake mara nyingi huachwa ukining'inia ukutani, au umefukiwa ardhini, mahali ambapo jembe la mtu anayelima bustani huweza kuugonga. Wakazi wengi hudhani kwamba waya huo umekufa, kwa kuwa hakuna taa inayowaka mwishoni mwake. Sivyo. Maadamu ncha yake ya pili ingali imefungwa kwenye sanduku la umeme la nyumba kubwa, waya huo waweza kubeba volti 230, nazo zatosha kuua.

Kwa sababu hiyo, kuukata upande wa chumbani na kuuzungushia utepe hakuondoi hatari, hasa mvua za radi zinapoanza mwezi wa Oktoba na maji kuingia katika ncha iliyokatwa. Kuzima sakiti breka ni hatua njema, lakini haitoshi: mwenzenu asiye na habari aweza kuiwasha. Wala msingoje mgao wa umeme ili mshike nyaya. Umeme hurudi bila kubisha hodi.

Waya hutenganishwa kwenye chanzo chake, ndani ya sanduku. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa na Idara ya Ajira na Kazi. Huzima swichi kuu, hupima kwa kifaa kuhakikisha hakuna umeme, kisha hufungua waya wa moto, wa nyutro na wa ardhi, na kuuondoa waya wote panapowezekana. Hategemei rangi, kwa kuwa aliyeufunga zamani huenda alizichanganya. Hutazama pia kama waya huohuo hulisha kitu kingine, kama vile taa ya geti.

Mpangaji hapaswi kuifanya kazi hii wala kuigharamia kimyakimya. Kanuni za mwaka 2009 zinamtaka anayepangisha nyumba awe na hati halali ya usalama wa umeme, na mabadiliko yanayofanywa yanahitaji hati pia. Mwombeni mwenye nyumba, ikiwezekana kwa maandishi. Mwepukeni fundi wa mtaani asiyeweza kutoa hati hiyo, hata akiwa rahisi. Wanaojiunganishia umeme kinyume cha sheria huitwa hapa izinyoka. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa neno hilo.

Hadi fundi atakapofika, zimeni sakiti breka ya waya huo na kubandika karatasi yenye onyo juu yake. Wazuieni watoto wasiukaribie, wala msianike nguo juu yake.

Mtu akinaswa na umeme, msimshike. Zimeni swichi kuu kwanza, kisha pigeni 112 kwa simu ya mkononi, au 10177 kuita gari la wagonjwa.