Kamera zilizokufa kwa fukuto, na tangazo lisilofika Pwani

Ilikuwa Machi 2006, Tanga. Kaskazi ilikuwa imeanza kuchoka, masika hayajaingia, na fukuto la Ngamiani lilimlowesha mtu shati kabla hajamaliza kikombe cha chai. Tulikuwa kwenye harusi ya binamu yangu. Bibi harusi akatolewa nje, vigelegele vikapanda, nami nikainua kamera yangu ndogo ya dijitali niliyoinunua mwaka 2003, ya megapikseli 3.2, inayotumia betri nne za kawaida kama za redio. Kwenye kioo sikumwona bibi harusi. Niliona zambarau tupu, na mistari iliyolala ikikata katikati kama kanga iliyochuja rangi.

Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha betri. Nikatoa memori kadi, nikaipangusa kwa pindo la shati, nikairudisha. Zambarau ile ile. Kilichonishangaza ni kwamba picha za zamani, zile za mahafali ya Desemba, zilipofunguka zilikuwa safi kabisa, na menyu ilisomeka bila tatizo. Kamera iliweza kunionyesha ya jana, lakini ya leo haikuyaona. Harusi ile ina picha mbili tu kutoka kwenye kamera yangu, zote za asubuhi, kina mama wakichambua mchele wa pilau.

Kesho yake niliipeleka kwa fundi mzee wa Barabara ya Nane, aliyetengeneza redio na kamera za filamu tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Imeanguka?"

"Haikuanguka."

"Imeingia maji?"

"Wala."

Akapiga picha mbili za ukuta. Akafungua za zamani akazitazama. Kisha akanirudishia kamera bila kugusa hata skrubu moja. "Kioo kizima," alisema. "Kilichokufa ni jicho, kule ndani. Hii mimi siifungui. Nikiifungua, walioitengeneza hawataipokea tena."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniokolea kamera, ingawa siku ile niliyaona kama njia ya kunikatalia kazi. Vituo vya huduma vya watengenezaji hukikataa kwa urahisi kifaa kilichokwisha kufunguliwa na mtu mwingine. Isitoshe, ndani ya kamera yenye flashi kuna kapasita inayohifadhi umeme wa kiasi cha volti 300, na huendelea kuuhifadhi hata betri zikitolewa. Fundi yule alijua mpaka wa kazi yake. Namheshimu hadi leo.

Mwezi uliofuata nilikwenda Dar es Salaam, kwenye duka nililoinunulia. Kijana wa kaunta aliitazama risiti, akaitazama tena. Waranti ilikuwa ya mwaka mmoja, akasema, na ilikwisha 2004. Akanionyesha kamera mpya kabatini. Alikuwa mpole, na risiti aliisoma sawasawa. Kosa lake, au la aliyemwajiri, ni kwamba hakujua jambo lililokuwa limetangazwa duniani miezi sita nyuma.

Oktoba 2005, kampuni kubwa za kamera za Japani zilianza kutoa matangazo yanayofanana, moja baada ya nyingine. Canon, Nikon, Fujifilm, Konica Minolta, Olympus, Ricoh na Sony yenyewe zilikiri kwamba baadhi ya kamera zao zina kihisi cha picha chenye hitilafu. Ziliorodheshwa aina nyingi: PowerShot A70 ya Canon ilikuwemo, Coolpix 3100 ya Nikon ilikuwemo, na hata DSC-F717 ya Sony, kamera iliyokuwa ghali wakati wake. Dalili zilielezwa: picha kugeuka zambarau, kuwa na mistari, kuvurugika, au kutoka nyeusi kabisa. Na wenye kamera wakaahidiwa kwamba zikionyesha dalili hizo zitatengenezwa bure, hata kama waranti imekwisha.

Inawezekanaje kampuni zinazoshindana vikali zikaugua ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja? Jibu ni kwamba jicho lilikuwa moja. Sony ilikuwa ikitengeneza vihisi vya aina ya CCD na kuwauzia hata washindani wake. Jina lililoandikwa usoni mwa kamera lilitofautiana, lakini kilichokuwa nyuma ya lenzi kilitoka kwenye kiwanda kile kile.

Kihisi chenyewe ni kipande cha silikoni chenye ukubwa usiozidi ukucha. CCD ilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, na mwaka 2009 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. Uso wake umegawanyika vijumba mamilioni. Mwanga ukianguka kwenye kijumba, huzalisha chaji ya umeme: mwanga mwingi, chaji nyingi. Kisha chaji hizo husogezwa safu kwa safu, kijumba kikimpa jirani yake, hadi ukingoni ambako husomwa na kugeuzwa kuwa picha. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza niliwakumbuka wapagazi wa bandari ya Tanga wakipokezana marobota ya mkonge. Kila mmoja lazima apokee na kutoa kwa amri moja. Amri ikikatika, marobota huanguka ovyo.

Amri za kihisi hupita kwenye nyuzi za metali, nyembamba kuliko unywele, zinazounganisha kile kipande cha silikoni na miguu ya kifuko chake. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Katika vihisi vilivyotengenezwa kati ya mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2004, maungio ya nyuzi hizo yaliweza kuachia kamera ikikaa kwenye joto na unyevu mwingi. Uzi mmoja ukiachia, rangi zinavurugika na mistari inaingia. Ulio muhimu zaidi ukiachia, giza. Ndiyo maana wakati mwingine kamera ilizinduka ghafla, ikapiga picha nzuri siku mbili, halafu ikarudia ugonjwa wake: uzi uligusa, kisha ukaachia tena. Na ndiyo maana picha za zamani hazikuathirika, kwa kuwa zilikuwa kwenye kadi, na kadi haina habari na kihisi.

Joto na unyevu. Nilipoyasoma maneno hayo nilikaa kimya muda mrefu. Kwa mtu wa Hokkaido au Stockholm, hiyo ni hali ya siku chache za kiangazi. Kwetu sisi wa Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu, ndiyo hewa tunayovuta. Viatu vinaota ukungu kabatini, chumvi inaganda kwenye kopo, na lenzi iliyofungiwa kwenye mfuko wa ngozi huota utando kama wa buibui. Kasoro iliyohitaji fukuto ili ijitokeze haikuwa na mahali pazuri pa kujitokeza kuliko Pwani yetu. Lakini tangazo la kuiponya lilikwenda kwanza kule kwenye baridi: Japani, Marekani, Ulaya, kwa lugha za huko, kwenye ofisi za huko. Katika duka langu la Dar halikuonekana popote, wala ukutani wala kichwani mwa muuzaji.

Mimi nililipata kwa bahati. Shemeji yangu aliyekuwa akiishi Leicester, Uingereza, alikuja likizo Juni mwaka ule, akaiona kamera imewekwa kabatini kama pambo. Nilipomsimulia ile zambarau alicheka, akasema ya mwenzake kazini ilikuwa na ugonjwa huo huo na ilitengenezwa bila kulipa hata senti. Nikampa kamera, risiti, na picha tatu za zambarau kwenye kadi. Mwishoni mwa Julai akanipigia simu: imerudi. Karatasi iliyofuatana nayo ilikuwa na mistari michache tu. Kihisi kimebadilishwa, kamera imejaribiwa, malipo hakuna. Ikanifikia kwa mkono wa msafiri mwingine, nikaipeleka moja kwa moja Barabara ya Nane, nikampiga picha fundi mzee akiwa amekaa mbele ya meza yake. Rangi zilikuwa kamili. Alipoiona alisema tu, "Umeona?"

Furaha yangu ilichanganyika na uchungu, na uchungu huo ndio unaoniandikisha makala hii. Jirani yetu mmoja alikuwa na studio ndogo ya kupiga picha za pasipoti na harusi. Kamera yake, ya kampuni tofauti na yangu, ilianza kutoa picha nyeusi mwishoni mwa 2005. Yeye aliipeleka kwa fundi asiyejua mpaka wake, ikafunguliwa, ikauzwa vipuri. Alikopa akanunua nyingine. Deni lile lilimkaa zaidi ya mwaka. Kamera yake ilikuwemo kwenye orodha. Nililiona jina lake kwa macho yangu, nikashindwa kwa muda mrefu kupata ujasiri wa kumwambia.

Kuna watu husema kampuni zilifanya hisani. Sikubaliani nao kikamilifu. Waranti ya kawaida ni ahadi ya muda: kikiharibika ndani ya miezi kadhaa tutatengeneza. Lakini kasoro iliyozaliwa kiwandani haihesabu miezi. Uzi ulioungwa vibaya mwaka 2003 ulikuwa umeungwa vibaya tangu siku ya kwanza, hata kama uliachia mwaka wa tatu. Mnunuzi aliuziwa kitu kibovu ambacho ubovu wake ulikuwa umelala. Kuongeza muda wa huduma kwa kasoro ya namna hiyo ni kulipa deni. Nazisifu kampuni zile kwa kulikiri mapema na kwa uwazi, jambo ambalo si wote hulifanya, lakini deni hubaki kuwa deni, na mdai wa Tanga ana haki sawa na mdai wa Tokyo.

Ahadi hizi pia zina mwisho, na aliyechelewa hukuta mlango umefungwa. Leica ya Ujerumani iliuza M9 kuanzia 2009, kamera ya karibu dola 7,000 za Marekani. Baadaye ikagundulika kwamba kioo chembamba kinachofunika kihisi chake kinalika na kuacha madoa kwenye picha. Mwishoni mwa 2014 kampuni ilisema itabadilisha vihisi bure bila kujali umri wa kamera. Mwaka 2017 ikapunguza: bure ni kwa iliyonunuliwa ndani ya miaka 5 tu. Mwaka 2020 vihisi vyenyewe vikawa vimekwisha. Konica Minolta nayo ilitangaza Januari 2006, miezi michache tu baada ya lile tangazo la CCD, kwamba inaacha kabisa biashara ya kamera, na huduma kwa wateja wake ikakabidhiwa Sony. Mwenye kamera aliyeisubiri kampuni imfuate mlangoni angesubiri hadi jina la kampuni lifutike.

Leo wengi wetu tunapiga picha kwa simu, na zile kamera za 2003 zimebaki kwenye masanduku. Lakini kihisi kingali kihisi, na simu, televisheni, gari na kompyuta vyote hutoka viwandani na kasoro zilizolala. Kila mwaka watengenezaji hutangaza huduma za bure kwa vifaa vya aina fulani, vya namba fulani, hata baada ya waranti. Kifaa chako kikifa bila kuanguka wala kuingia maji, na hasa ukisikia cha mwenzako wa aina hiyo hiyo kimekufa vivyo hivyo, usikubali neno la kwanza la kaunta. Soma jina kamili na namba iliyobandikwa chini yake. Muulize mtengenezaji mwenyewe kwa maandishi, ueleze dalili, uambatanishe picha yenye hitilafu. Toa kadi na betri kabla ya kukituma. Na asikifungue mtu yeyote kabla ya jibu kuja.

Sheria pia zipo. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani, FCC, ina kazi ya kumlinda mlaji. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, na haki ya kupewa taarifa anazohitaji. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokosekana kaunta ile ya Dar mwaka 2006.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mawakala na wenye maduka, kuanzia Kariakoo hadi Barabara ya Biashara, Mombasa. Mtengenezaji akitangaza kasoro ya bidhaa mliyotuuzia, tunayo haki ya kulijua tangazo hilo siku ile ile wanapolijua wa London. Libandikeni mlangoni, kwa Kiswahili, na orodha ya namba chini yake.