Filamu Bubu na Nakala Zinazoziharibia Jina

Filamu bubu zilitengenezwa kuanzia 1895 hadi karibu 1929, sauti ilipotawala majumba ya sinema. Leo wengi wanaozitazama huzitazama nyumbani, kwenye DVD, Blu-ray au simu, na nyingi ya nakala hizo ni mbovu. Picha imefifia hadi kuwa ya kijivujivu, nyuso zimekuwa nyeupe pe hata macho hayasomeki, watu wanakwenda mbiombio, kingo za picha zimekatwa, na muziki hauhusiani kabisa na kinachoonekana. Nakala hizo zimewafanya watu wengi waamini kwamba ndivyo filamu za zamani zilivyokuwa, kwamba mafundi wa enzi hizo hawakuweza kupata picha safi. Sivyo hata kidogo. Utepe wa milimita 35 wa miaka ya 1920 ulibeba picha kali yenye kina, na katika kumbi kubwa za Berlin, Paris au New York filamu ilionyeshwa ikiwa na rangi zake na okestra hai. Ubovu umeingia baadaye, na njia ulizopitia zinajulikana.

Njia ya kwanza ni kunakili. Kinachotoka ndani ya kamera ni negativu, na kutoka kwenye negativu huchapwa nakala za kupeleka sinemani. Nakala ya sinemani ikitumiwa kutengenezea negativu nyingine, na hiyo nayo ikatoa nakala, kila mzunguko unakula kitu. Weusi unazidi kuwa mzito, weupe unaungua, na vyote vilivyokuwa katikati, kivuli cha shavu, nyuzi za koti, majani ya mti, vinayeyuka. Ni kama fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi nyingine. Mikwaruzo na vumbi vya nakala mama hurithiwa pia, vikawa sehemu ya picha, na havifutiki tena kwa kitambaa.

Baada ya Kodak kuleta utepe wa milimita 16 mwaka 1923 kwa matumizi ya nyumbani na shuleni, filamu nyingi zilipunguzwa zikahamishiwa huko, mara nyingi zikiwa zimefupishwa. Eneo la picha kwenye utepe huo ni karibu sehemu moja ya sita tu ya lile la milimita 35. Nakala hizo ndogo, zilizozungushwa kwenye projekta za shule na vilabu kwa miaka mingi, ndizo zilizohamishiwa kwenye kanda za VHS miaka ya 1980. Kanda hizo nazo zikahamishiwa kwenye DVD, na DVD zikapandishwa kwenye intaneti. Anayemtazama mchekeshaji Buster Keaton kwenye simu huenda anatazama nakala ya tano au ya sita tangu kamera.

Wakati mwingine hakuna cha kuchagua. Utepe wa zamani ulitengenezwa kwa naitreti, kemikali inayoshika moto upesi na kuoza yenyewe ikikaa vibaya. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox lililokuwa Little Ferry, New Jersey, liliungua, na humo zikateketea negativu za filamu nyingi za kampuni hiyo. Nyingine zilitupwa na wenyewe baada ya sauti kuingia, kwa kuwa hazikuonekana tena kuwa na thamani ya biashara. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba filamu ndefu za Marekani za enzi hiyo zilizosalia katika umbo lake la awali la milimita 35 ni asilimia 14 tu. Zilizosalia nzima lakini kwenye matoleo ya nje au kwenye tepe ndogo ni kama asilimia 11. Kwa filamu ya kundi hilo la pili, nakala iliyochakaa ni hazina, na anayeitoa hastahili lawama. Lawama inamhusu anayetoa nakala chakavu ya filamu ambayo nakala yake nzuri ipo.

Hawa wako wengi, na sheria imewarahisishia. Nchini Marekani filamu za wakati huo zililindwa kwa miaka 28, na mwenye filamu alitakiwa kuomba upya muda huo ulipokwisha. Wengi hawakuomba. Kwa zilizoombewa, ulinzi umekuwa ukimalizika mwaka hadi mwaka: za 1923 zilikuwa huru tarehe 1 Januari 2019. Filamu ikishakuwa mali ya umma, yeyote mwenye kanda anaweza kuiuza bila kumuuliza mtu. Kuirekebisha ni gharama kubwa. Kuibandika kwenye diski ni kazi ya siku moja. Ndiyo maana sokoni hujaa makasha yenye filamu kadhaa zilizoshindiliwa kwenye diski moja, zimebanwa kidijitali kiasi kwamba sehemu za giza zinakatikakatika kuwa vigae.

Hakuna filamu inayoonyesha hasara hii wazi kuliko Nosferatu ya Mjerumani F. W. Murnau, iliyozinduliwa Berlin mwezi Machi 1922. Ni hadithi ya Count Orlok, mnyonya damu anayelala jenezani mchana na kutoka usiku, na mwanga wa jua ndio kifo chake. Tepe za wakati huo hazikuweza kunasa picha vizuri gizani, kwa hiyo matukio mengi ya usiku yalipigwa mchana kweupe. Halikuwa kosa. Nakala za sinemani zilichovywa rangi baada ya kuchapwa: buluu iliyoelekea kijani kwa usiku, njano kwa chumba chenye taa, waridi kwa alfajiri. Watazamaji wa 1922 walizoea lugha hiyo. Buluu ilipotanda kwenye pazia, walijua usiku umeingia.

Kuna onyesho ambalo Orlok anafika katika mji wa Wisborg na kukatiza mitaa mitupu, jeneza lake kalikumbatia kwa mikono yake mwenyewe. Ndani ya buluu, ni kiumbe anayenyemelea mji uliolala. Kwenye nakala za bei rahisi zisizo na rangi, ni mtu mwembamba mwenye masikio marefu anayetembea barabarani saa sita mchana, kwenye mwanga uleule ambao mwishoni mwa filamu utamuua. Hadithi inavunjika. Mtazamaji anacheka mahali alipotakiwa kusisimka nywele, na humtupia lawama Murnau kwa jambo ambalo Murnau alilifanya sawasawa.

Nosferatu ilikuwa na bahati mbaya ya ziada. Ilichukua kisa chake kutoka riwaya ya Dracula bila ruhusa, na mjane wa mwandishi, Florence Stoker, akaenda mahakamani. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziharibiwe, na filamu ikabaki kupitia nakala zilizokuwa zimeshavuka mipaka. Huko nje zilikatwa, zikapangwa upya, na katika matoleo ya Marekani hata majina yalibadilishwa, Orlok akaitwa Dracula. Taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung ya Ujerumani ilipoikarabati, iliegemea nakala ya rangi ya naitreti iliyohifadhiwa Ufaransa na Cinémathèque française. Toleo hilo limerudisha usiku mahali pake, na pia limerudisha muda. Filamu ilikuwa na urefu wa mita 1,967. Ikiendeshwa kwa picha 18 kwa sekunde huchukua takriban dakika 95. Kwa picha 24, kasi iliyokuja na sauti, huishia kama dakika 72.

Suala hilo la kasi ndilo lililoipa filamu bubu sifa yake mbaya kuliko yote, ile ya watu kukurupukakurupuka. Kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, na kasi ilikuwa kati ya picha 16 na 24 kwa sekunde, ikibadilika kutoka mpigapicha hadi mpigapicha na hata ndani ya filamu moja. Ya picha 16 ikipitishwa kwenye mashine ya 24, kila mwendo unaongezeka kwa nusu. Msiba unageuka mchezo wa vikaragosi, na kilio cha mama aliyefiwa kinakuwa kichekesho. Wapo waliojaribu kusahihisha kwa kurudia kila picha ya pili. Kasi ikapungua kweli, lakini mwendo ukaanza kusitasita, hatua moja nyepesi, moja nzito, na jicho linachoka haraka. Hata hivyo si kila mbio ni kosa. Charlie Chaplin na Keaton walipunguza kasi ya kamera kwa makusudi ili vichekesho vichangamke, na mkarabati mzuri huliheshimu hilo.

Kingo za picha nazo zina kisa chake. Filamu bubu ilitumia karibu upana wote wa utepe. Sauti ilipokuja, mstari wa sauti ulichukua nafasi upande wa kushoto, na filamu za zamani zilizochapwa upya kwa mtindo huo zikapoteza ukanda mzima wa picha upande huo. Mwigizaji aliyesimama kushoto anabaki nusu uso. Siku hizi wapo wanaoikata picha juu na chini, au kuivuta kwa upana, ili ijaze runinga, na vichwa vinaondoka au watu wanakuwa wanene.

Kuhusu muziki, uharibifu mwingine ulifanywa na watu waliodhani wanasaidia. The Passion of Joan of Arc, kazi ya Mdenmaki Carl Theodor Dreyer ya 1928, ilitolewa upya mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mwanahistoria wa filamu Lo Duca, aliyebandika juu yake muziki wa Bach na Vivaldi na kubadilisha namna maneno yalivyoonyeshwa. Dreyer mwenyewe alilikataa toleo hilo, lakini ndilo lililozunguka duniani kwa miongo kadhaa. Kisha, mwaka 1981, nakala karibu kamili ya toleo lake la kwanza ikapatikana katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo. Ngozi ya Falconetti, anayeigiza Joan bila vipodozi, ilionekana tena: midomo iliyopasuka, machozi yanayosimama kabla ya kudondoka. Filamu hiyo imejengwa juu ya uso wake, na uso ukififia hakuna kinachobaki.

Vibao vya maandishi vinavyoingia kati ya picha navyo huguswa bila haya. Wasambazaji wengine huvitoa na kuweka maandishi ya kompyuta yasiyofanana na ya awali. Sasa imeongezeka akili mnemba: video za zamani hulainishwa, hujazwa picha za kubuni hadi 60 kwa sekunde na kutiwa rangi za kukisia. Huitwa zimeboreshwa, lakini ngozi inakuwa kama nta, na mashine haiwezi kurudisha kisichokuwemo kwenye nakala iliyopewa. Inachoongeza ni dhana yake.

Kinyume chake ni toleo linalosema ukweli kuhusu majeraha yake. Metropolis ya mwongozaji Fritz Lang ilizinduliwa Berlin Januari 1927 ikiwa na urefu wa mita 4,189, kisha ikakatwa vibaya kwa ajili ya soko la Marekani. Mwaka 2008 nakala ya milimita 16 yenye karibu sehemu zote zilizopotea ilitambuliwa katika jumba la makumbusho ya filamu la Buenos Aires. Ilikuwa imekwaruzika vibaya, kwa sababu ilichapwa kutoka nakala ya sinemani iliyokwisha kuchoka. Warekebishaji walizisafisha sehemu hizo kwa kiasi walichoweza na kuziingiza na mikwaruzo iliyobaki, na toleo jipya likaonyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2010. Anayelitazama nyumbani anaona picha safi ikipisha picha yenye mistari mingi kama ya mvua, na anajua hapo ndipo palipokuwa na pengo. Muziki ni ule ulioandikwa na Gottfried Huppertz kwa ajili ya filamu hiyo.

Anayetaka kununua au kupakua anaweza kuanza na muda: Nosferatu ya dakika 65 au Metropolis ya dakika 90 imeendeshwa kasi, imekatwa, au yote mawili. Kasha la toleo zuri hutaja nani alikarabati, kutoka nakala zipi, na nani aliandika au kupiga muziki. Lisilotaja lolote huwa halina la kutaja. Umbo sahihi la picha ni karibu mraba, likiwa na nafasi nyeusi kushoto na kulia mwa runinga. Asiye na pesa ya diski naye ana pa kwenda. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni baadhi ya filamu bubu inazozihifadhi, na Taasisi ya Filamu ya Denmark imefanya hivyo kwa filamu bubu za nchi yake, bure.